Maganda ya Vitunguu na Mizani ya Sumaku

Benchi letu ni kochi lililokufa. Kitambaa kilitoka kwanza, sponji ikafuata, ikabaki fremu ya mbao, na fundi makochi wa mtaa akaipigilia ubao juu na kuiacha katikati ya mlango wa kinyozi na geti la mnunuzi wa vyuma chakavu. Huyo fundi tunamwita Kochi. Jina limetokana na kazi, ingawa umbo nalo limesaidia. Kinyozi ni Redio, kwa kuwa hazimiki. Mnunuzi wa vyuma ni Sumaku: hutembea na kipande cha sumaku mkononi cha kujaribia chuma halisi, na chuma kikishaingia getini kwake hakitoki. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote hapa lakini anatugombeza kama vile sote tumelelewa kwake. Mimi nashona viatu pembeni mwa benchi, na wananiita Gundi, eti nikishika neno siliachii. Siliachii kweli. Darasani sikukaa sana. Ninachokijua nimejisomea, na nikisoma kitu nasoma mpaka mstari wa chini. Ndiyo maana benchi hili litakuja kuniua kwa hasira.

Asubuhi ninayoisema, Kochi alikuja na chupa ya chai kwapani. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na maji ya maganda ya vitunguu yaliyochemshwa mpaka yakawa na rangi ya kutu, na harufu yake ilifika kwenye benchi kabla yake.

Alivua viatu, akanitupia.

– Gundi, nitazame hicho cha kulia, soli imeachia. Mimi napanda mizani.

Ndiyo desturi yake siku hizi. Sumaku ana mizani kubwa ya jukwaa, ya kupimia mageti na injini mbovu, yenye mshale mrefu. Kila asubuhi Kochi hupanda pekupeku, anashikilia pumzi, anafumba macho kama anayepigwa picha, na Sumaku husoma mshale kwa sauti ili mtaa mzima usikie.

– Umepungua tena, Sumaku akatangaza. Kochi, ukiendelea hivi tutakuita Stuli.

Redio akatoka dukani na mashine ya kunyolea mkononi, akamwacha mteja na nusu kichwa.

– Nilisema mimi. Si nilisema?

– Ulisema, Kochi akakubali, huku akishuka kama mheshimiwa.

– Flavonoidi, ile kemikali ya kwenye ganda. Nilisema siku ya kwanza nilipoiona ile makala kwenye simu. Watu wanakula kitunguu, wanatupa ganda. Kumbe wanakula takataka, wanatupa dawa.

Shangazi akamimina kahawa, akamkabidhi Kochi kikombe cha kwanza.

– Kochi, si leo ndiyo siku yako ya kliniki? Mkeo alipita hapa jana akasema nikukumbushe.

– Nikafanye nini kliniki, Shangazi? Nikawajazie foleni? Mtu mwenye afya yake anawachelewesha wagonjwa.

– Na vidonge?

– Nimevipumzisha.

Niliinua kichwa kutoka kwenye kiatu.

– Umevipumzisha vipi? Vilikuwa vimechoka?

– Gundi, usianze.

– Ninauliza. Vya sukari au vya presha?

– Vyote. Tangu maganda yaanze kufanya kazi. Sasa mtu unazima moto kwa maji, halafu unamwaga na mchanga, na kutupia blanketi juu? Ukishazima umezima.

– Na shemeji yangu anajua?

Kochi akanywa kahawa kwa muda mrefu kuliko kilichokuwemo kikombeni.

– Mke wangu ana mambo mengi, akasema.

Hapo nilipaswa kufika mwisho wa uvumilivu, lakini Redio alikuwa ameshapanda hewani.

– Niwaeleze vizuri, maana wengine wanabisha bila kujua. Mafuta ya tumbo hayalali. Mnayaona yametulia hivi, lakini yanawaka. Ndani kwa ndani. Kinga ya mwili inaona tumbo limekuwa kubwa, inadhani kuna adui kaingia, inawasha moto. Moto huo huuoni na hauzimiki. Ndio unaoharibu sukari, ndio unaoharibu mishipa. Sasa flavonoidi ikishuka, moto unazimika. Moto ukizimika, mafuta yanakosa kazi, yanaondoka.

Nusu ya kwanza ya maneno hayo ilikuwa ya kweli, ndicho kilichoniudhi zaidi. Redio angekuwa mwongo mtupu ningempuuza. Yeye huchukua kweli nusu, anaiunganisha na upuuzi, kama mtu anayeshona soli mpya kwenye kiatu kilichooza.

– Yanakwenda wapi? nikamuuliza.

– Nini?

– Mafuta. Yakikosa kazi yanakwenda wapi?

– Yanaondoka.

– Wapi, Redio?

– Gundi, mtu akinyolewa nywele zinakwenda wapi?

– Kwako zinabaki sakafuni mpaka jioni, kwa sababu hufagii.

Shangazi akacheka, halafu akakumbuka kwamba na yeye ana biashara.

– Lakini hizo flavo si za vitunguu peke yake. Kahawa inazo. Hii yangu hasa, maana naikaanga mwenyewe. Mngekuwa mnakunywa vikombe vitatu vitatu badala ya kukaa na kimoja mpaka kinaota ukungu, benchi hili lote lingekuwa na viuno.

– Kwenye ile makala walitaja vitunguu, chai, kakao, machungwa, zabibu, nikamwambia. Kahawa sikuiona.

– Basi aliyeandika hajanywa yangu.

Sumaku alikuwa amesimama kando ya jukwaa lake akisubiri zamu. Bei ya chuma imepanda tangu mvua zianze, na pamoja nayo imepanda heshima anayojipa. Siku hizi anaongea polepole, kama mtu aliyeombwa ushauri.

– Nyinyi mnazungumzia moto, akasema. Si moto. Ni kuvutana. Mafuta ya mtu mnene yana madini ya chuma. Ndiyo maana mnene akianguka anaanguka kwa kishindo. Ile kemikali ya ganda inashika chuma, inakitoa. Mafuta yakishatolewa chuma yanakuwa mepesi, hata yakiwepo.

– Hata yakiwepo, nikarudia, nione kama atasikia alichosema.

Hakusikia. Alimsogelea Kochi na kile kipande chake cha sumaku, akamwekea tumboni. Kikanasa.

– Mnaona? Bado kipo kidogo.

– Kimenasa kwenye chuma cha mkanda, nikasema.

Akakisogeza juu, kikadondoka.

– Na hapa kimeshatoka, akasema bila aibu yoyote. Dawa inaanzia juu kushuka.

Naapa mteja wa Redio, mwenye nusu kichwa, alitikisa ile nusu kukubali.

Kochi alikuwa amechangamka sasa. Mtu akisifiwa na kundi asubuhi, hata uso unapata rangi. Akaweka kikombe chini, akashusha sauti.

– Mimi nina wazo ambalo sijamwambia mtu. Kama ganda likichemshwa linafanya hivi, je, likikaliwa? Nachukua maganda makavu, nachanganya na sponji, natengeneza kochi. Mtu anakaa akiangalia taarifa ya habari, joto la mwili linayaamsha, yanaingia kwa nyuma.

– Kochi la flavonoidi, Redio akanong'ona, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumwona nao.

– Mtu anakonda amelala.

– Na mito yake je?

– Mito ni kwa kichwa. Ya wenye mawazo.

Nikaweka sindano chini.

– Sasa nisikilizeni. Ile makala Redio aliyotuonyesha, yeye alisoma kichwa cha habari. Mimi niliisoma yote. Walichukua panya. Panya, Redio. Wakawalisha mafuta makusudi mpaka wakanenepa, wakawapa kemikali yenyewe, iliyochujwa na kupimwa, si maji ya jikoni. Ule moto wa ndani ukapungua. Ni jambo zuri, sikatai. Halafu wakaandika kwamba kwa watu majaribio ni machache na majibu hayajakubaliana. Na chini kabisa, pale ambapo hamfiki, wakaandika kwamba mtu asiache dawa zake.

Nilidhani nimeeleweka.

– Panya nao wana tumbo, Shangazi akasema.

– Basi hiyo ni hesabu tu, Redio akadakia. Panya kijiko, Kochi ndoo. Kosa letu ni kipimo. Kochi, unakunywa chupa ngapi?

– Moja.

– Ongeza.

– Gundi ana wivu, Sumaku akasema. Tangu lini fundi viatu akajua mambo ya tumbo? Umesomea wapi wewe?

– Nimejisomea.

– Ndiyo tatizo. Hukuwa na wa kukusahihisha.

Niliinama kwenye kiatu ili nisitupe nyundo. Na ndipo nilipokiona.

Soli ya kiatu cha Kochi ilikuwa imeachia ukingoni, kama alivyosema, lakini katikati, chini ya kisigino, kulikuwa na kichwa cha kijimsumari, vile vidogo vyenye kichwa bapa anavyopigilia kitambaa kwenye fremu. Fundi makochi huviweka mdomoni wakati wa kazi na kuvitema kimoja kimoja. Vinadondoka, vinakanyagwa, si ajabu. Nikakishika kwa koleo nikakivuta. Kilikuja kirefu. Nikaingiza kidole ndani ya kiatu. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimegandamana na kuwa kigumu, cheusi. Ilikuwa damu, na si ya leo.

– Kochi, nikamwita. Inua mguu.

– Wa nini?

– Inua mguu, ndugu yangu.

Aliinua. Tundu lilikuwepo kisiginoni, na ngozi ya kulizunguka ilikuwa imevimba na kung'aa. Shangazi akaweka birika chini.

– Hiki kilikuwa kwenye kiatu chako, nikasema, nikimwonyesha. Kimepita soli, kimekuingia. Umekitembelea. Hukukisikia?

Kochi alikitazama kijimsumari, akautazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine aliyeusahau hapo benchini.

– Hapana, akasema.

– Hata kidogo?

– Hapana. Lakini ganzi kidogo imekuwepo. Nilidhani ni kukaa sana.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Redio akatafuta maneno, akayapata.

– Mnaona nguvu ya kitu hicho? Maumivu ni moto. Kama moto umezimwa mwili mzima, msumari utauma na nini?

Sitarudia nilichomjibu. Shangazi alinikanya, na alikuwa na haki ya kunikanya.

– Mimi nasema hivi, Kochi akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua kuliko uzito wake. Mguu nitauosha kwa maji ya chumvi. Lakini mizani ni mizani. Mtu anayeumwa sukari anakuwa vibaya, mimi nakuwa vizuri. Kliniki wakati ule waliniambia, punguza uzito. Nimepunguza. Mshale hauna chuki na mtu, Gundi. Haujui mimi ni nani. Unasema tu.

Hilo ndilo lililonikera. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtu alikuwa ameniambia neno lenye mantiki.

Wakati huo mama mmoja aliingia na mkokoteni. Hatukumjua. Alikuwa na vumbi jeupe la unga nyusini na mikononi, na kwenye mkokoteni palikuwa na gurudumu la chuma lililopasuka, zito, la mashine ya kusaga nafaka. Alitusalimia vizuri, tukamwitikia, akatuuliza nani ananunua vyuma. Sumaku akajitokeza.

Wakalipandisha gurudumu kwenye jukwaa wawili. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia. Sumaku akausoma kwa sauti ileile aliyomsomea Kochi.

Mama akausogelea, akautazama.

– Si hivyo, akasema kwa utulivu. Mimi ndiye mwenye mashine. Nina mizani ya magunia, nimelipima leo kabla ya kutoka. Limepungua robo nzima.

– Mama, mizani zinatofautiana, Sumaku akasema. Yako ya unga, hii ya chuma.

– Kilo ya unga na kilo ya chuma si kilo?

– Ni kilo. Lakini chuma kina tabia yake.

Redio hakuweza kuvumilia. Alimwonea huruma rafiki yake, na Redio akimwonea mtu huruma ni heri amchukie.

– Mama, usiitilie shaka mizani hii. Ni ya kweli kabisa, tuna shahidi. Mwone huyu bwana. Kochi, simama aone. Huyu alikuwa ameandikiwa vidonge kliniki. Akaanza kunywa maji ya maganda ya vitunguu, haya hapa kwenye chupa, yana flavonoidi. Amepungua, na si maneno, mizani hiihii ndiyo imekuwa ikituonyesha kila siku. Hata vidonge ameacha.

Mama alimtazama Kochi kuanzia juu hadi chini: shingo, tumbo, mkanda uliolegezwa mpaka tundu la mwisho, ule mguu aliokuwa ameuinua ukingoni mwa benchi. Akaitazama chupa. Kisha akaligeukia gurudumu lake pale juu ya jukwaa.

– Na gurudumu langu, akauliza, limekunywa nini?

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama anayetaka kujua.

Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu.

Kochi akashusha mguu.

– Sumaku. Gurudumu la mama limepungua, au halikupungua?

– Kochi, wewe ni rafiki yangu.

– Sijakuuliza urafiki.

Sumaku alikigeuzageuza kile kipande cha sumaku mkononi. Nilimwona akitafuta njia, na nilimwona akigundua kwamba njia zilikuwa mbili tu. Akisema mizani inasema kweli, mama wa watu ameibiwa robo ya chuma na hewa. Akisema haisemi kweli, rafiki yake ameacha vidonge kwa ajili ya skrubu ya mizani aliyoikaza yeye mwenyewe. Na ameikaza zaidi ya mara moja. Tangu bei ya chuma ipande, Kochi amekuwa akikonda.

Sumaku akatazama chini, akaokota nati iliyokuwa haimhusu.

Kinachonichoma si Sumaku. Mnunuzi wa vyuma anayepunja, hiyo si habari. Kinachonichoma ni kwamba benchi zima tulijua. Nani mtaani hapa hajui mizani ya Sumaku? Kochi mwenyewe, spring zake kuukuu anazotoa kwenye makochi ya watu, huzibeba begani mpaka mtaa wa pili, kwa mnunuzi mwingine, jua linawaka, na tumbo lile. Spring hakuwahi kuziamini kwa mizani hii. Mwili wake akaupandisha. Na mimi, msomaji wa mpaka mstari wa chini, nilikaa hapa kila asubuhi nikibishana kuhusu panya.

– Kazi yako ya kesho nzima ni kutafuta uso wa kumtazamia Kochi, Shangazi akamwambia Sumaku, na hakumwongezea kahawa.

Mama wa mashine hakuwa na muda wa kusubiri majibu yetu. Alishika gurudumu upande mmoja, nikamsaidia upande mwingine, tukalirudisha mkokotenini. Akatuaga vizuri vilevile alivyotusalimia.

Kochi aliketi akinyoosha mkono bila kunitazama.

– Viatu vyangu.

– Sijamaliza kushona.

– Nipe hivyohivyo.

Nikampa. Kabla hajavivaa, Shangazi alikuwa ameshachana kitambaa chake cha kushikia birika, kile kisafi, akamfunga kisigino, akimgombeza kimoyomoyo midomo ikichezacheza. Kochi hakukunja uso hata Shangazi alipokaza fundo. Hilo sote tuliliona. Hakuna aliyelitafsiri.

Nikamwekea kile kijimsumari kwenye kiganja.

– Mpe daktari. Mwambie hukukisikia. Usianze na uzito wala maganda, anza na hiki.

– Nitakuta foleni.

– Kaa kwenye foleni.

– Na mke wangu?

– Mpitie kwanza. Mtaenda wote.

Akafunga ngumi. Aliondoka kwa upande wa nyumbani kwake, ambao ndio upande wa kliniki, akikanyaga taratibu na kutazama chini, kama mtu aliyedondosha kitu na hajui ni wapi. Hakuna aliyemwita kwa utani.

Chupa yake aliisahau. Redio aliitazama, akatutazama, akataka kusema jambo, akarudi ndani kwenye ile nusu kichwa. Shangazi akainamisha birika. Yakatoka mashapo tu. Na kwa kuwa benchi lilikuwa na vikombe na hapakuwa na pa kuiweka, niliichukua ile chupa, imejaa mpaka shingoni, nikaiweka juu ya jukwaa la mizani ya Sumaku.

Mshale haukutikisika.